Siwema Aliyetumwa na Wenzake

Saa tatu asubuhi, mtoto analia nje ya godauni moja la karanga, Kariakoo, mwaka 1947. Ndani, Siwema binti Mwinyimvua anaijua sauti hiyo. Haondoki. Anazidi kutikisa chekeche, vumbi limemganda kwenye kope, na maziwa yameshamlowesha kanga kifuani.

"Bi Wakili," nyapara Gaudens anamtania, "mteja wako anakuita barazani."

Wenzake wanainamia nyungo zao. Hakuna anayecheka, wala anayemtetea.

Jina hilo alilipata mwezi uliopita. Wachambuzi wa karanga ishirini, wengi wao wakiwa wamewaacha watoto wachanga barazani wakiangaliwa na bibi mmoja, walimtuma kwa tajiri aombe jambo moja tu: ruhusa ya kutoka kunyonyesha mara moja kabla ya adhuhuri.

Tajiri hakumfokea. "Alinikaribisha kiti," anasimulia Siwema. "Akaniambia, 'Mimi ni baba yenu. Tangu lini mtoto akatuma mjumbe kwa baba yake? Mwenye shida aje mwenyewe.'"

Kesho yake akawaita ofisini mmoja mmoja, mlango ukafungwa. Una shida? Sina, bwana. Hata Sophia, aliyekuwa wa kwanza kusema Siwema ndiye atumwe, alitoka akiangalia miguu yake.

"Ningesemaje?" anauliza Sophia. "Mume wangu hana kazi. Na bwana yule anakuuliza kwa upole, mpaka unaona haya."

Jioni ile tajiri akamwambia Siwema, "Umeona? Mwenye shida ni wewe tu." Akamtoa kwenye ungo, akampeleka kwenye chekeche, penye vumbi kuliko pote. Ujira ni uleule, shilingi moja na nusu kwa siku. Nyongeza ni kikohozi.

Siwema hakununa. Bado hurudi na Sophia hadi Jangwani, watoto mgongoni, wakizungumza mambo ya jikoni. Juzi, njiani, Sophia alisema, "Dada, turudi kwa tajiri. Safari hii sote."

Wamepanga iwe Jumamosi.

"Akimwita mmoja, tuinuke sote," anasema Siwema adhuhuri, ameketi barazani, mwanawe kifuani. "Atasema ofisi ni ndogo. Basi atukute hapa nje."

Na wenzake wasipoinuka?

Anamhamishia mtoto kwenye titi la pili, anamfuta vumbi shavuni.

"Nitainuka mimi. Huyu bado hajajua kusema hana shida."