Kadi Iliyosogezwa kwa Imani

Kila siku ya kazi, saa tatu asubuhi, tulisimama mbele ya ubao, watu watano, katika chumba kilicho juu ya duka la dawa za mifugo pale Kwa Vonza. Niliweka kengele ya simu kwa dakika kumi na tano. Ikilia, mkutano umekwisha, hata kama mtu yuko katikati ya sentensi. Utaratibu huo niliuleta mimi. Nilikuwa nimefanya kazi Nairobi miaka sita na timu zinazounda programu za simu, na niliporudi Ukambani, kwanza nyumbani Mbumbuni, kisha Kwa Vonza kwa ajili ya kazi, nilirudi na imani moja thabiti: kwamba mkutano wa asubuhi ukizidi robo saa umegeuka kuwa kitu kingine.

Wenzangu walikuwa na imani nyingine. Siku ya kwanza mkutano ulifunguliwa kwa maombi, ukafungwa kwa maombi, na katikati kila mtu alianza ripoti yake kwa "Bwana asifiwe," akangoja tumwitikie. Dakika arobaini na mbili. Niliziangalia zikipita, moja moja, nikiwa nimekunja uso. Kesho yake niliwaambia kwamba maombi yafanyike kabla ya saa tatu kwa anayetaka, na ripoti iwe mambo matatu tu: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, umekwama wapi. Walikubali bila ubishi, jambo ambalo lingenitia wasiwasi kama ningekuwa mtu wa kusikiliza.

Mambo mawili ya kwanza waliyazoea mara moja. La tatu halikuwahi kupata jibu. "Hakuna shida, tunaendelea poa, Mungu ni mwema." Asubuhi baada ya asubuhi, watu wanne, jibu moja. Walikuwa wamelelewa katika makanisa ambamo ukisimama mbele ya wenzako unasimama kutoa ushuhuda, na ushuhuda huishia kwenye ushindi. Kusema umekwama, huku yule ambaye kazi yake inatangulia yako amesimama hapo hapo anakutazama, kungekuwa kama kumsema mbele za watu. Hilo nilikuja kulielewa baadaye sana. Wakati ule niliona tu kwamba tunamaliza mapema, nikajipongeza.

Kazi yetu mwaka huo ilikuwa programu ya chama kimoja cha wafugaji wa mbuzi huko Kyuso. Ilikuwa kazi ndogo kwa maelezo. Afisa wa mifugo akipanga siku ya chanjo, katibu wa chama anaiandika kwenye simu yake, na kila mwanachama anapata ujumbe. Siku ikibadilika, katibu anabonyeza mahali pamoja na wote wanaambiwa wasije.

Katibu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwenye sauti ya chini ambayo watu walinyamaza ili kuisikia. Wanachama walimwita mwaitu, yaani mama yetu, nasi tukamwita hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa na njia yake: anawapigia simu watu kumi, kila mmoja anawaambia majirani zake, na wasio na simu wanafuatwa kwa miguu. Njia hiyo ilimlia siku nzima, lakini habari ilifika. Nilipokwenda kumwonyesha programu yetu aliitazama bila haraka, kisha akaniuliza swali moja.

"Na siku ikibadilika?"

"Unabonyeza hapa, mwaitu. Wote wanapata meseji."

"Wote?"

"Wote."

Wiki hiyo hiyo alisimama mbele ya wanachama wake akawaambia hatapiga simu tena. Meseji ikitoka kwa hii simu, alisema, jueni ni mimi nimesema. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la nyuma. Niliandika kwenye daftari langu kwamba mteja ameipokea programu vizuri. Sikuandika kwamba mtu mzima alikuwa ametoka kuweka neno lake mikononi mwetu, ingawa ndicho kitu kilichotokea.

Tulifanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili. Kila kipande cha kazi kiliandikwa kwenye kadi ya manjano, na kadi ilihama kutoka safu moja ya ubao hadi nyingine: Bado, Inafanywa, Imeisha. Kila jioni nilichora mstari unaoonyesha kazi iliyobaki, nikampelekea mwenye kampuni Nairobi. Mstari mzuri hushuka taratibu mpaka ufike chini siku ya mwisho. Mistari yangu ilikuwa mizuri sana.

Jumatatu ya wiki ya chanjo ilibaki kadi moja kwenye safu ya katikati: Ujumbe wa kuahirisha. Ilikuwa ya developa, mwandishi wa programu wetu hodari kuliko wote, kijana anayeongoza sifa kanisani kwao, mtu mcheshi asiyejua kununa. Skrini alikuwa ameimaliza, na ilikuwa tayari kwenye simu ya katibu. Katibu akibonyeza, angeona maandishi ya kijani: Ujumbe umetumwa. Kilichobaki ni kuiunganisha skrini hiyo na sehemu inayotuma ujumbe wenyewe.

"Hii naisogeza kwa imani," alisema, akaibandua kadi na kuibandika kwenye Imeisha. "Jioni iko."

"Amina," wakasema wengine.

Nilisema amina pia. Sikuwa nimeguswa kiroho, nilikuwa nautazama mstari wangu. Kadi hiyo ikihama, mstari ungefika chini siku nne kabla ya muda.

Dada aliyekuwa akijaribu kazi zetu kabla hazijatoka, mtu wa maneno machache, aliinua mkono. "Lakini kuna kitu kidogo," alisema. "Mimi nikibonyeza naona imetumwa, lakini simu yangu haipati..."

Kengele ikalia. Nikamwambia tutaongea baada ya mkutano. Nilimwambia kwa upole, nikitabasamu, na baada ya mkutano nikashikwa na simu ya kazi, naye akarudi mezani kwake. Hakunifuata. Kwa nini anifuate? Kadi ilikuwa tayari kwenye Imeisha, na mkubwa wake ameitikia amina.

Jumatatu hiyo mchana developa alipigiwa simu kwamba mjomba wake amefariki. Nilimpa ruhusa bila kusita. Jumanne na Jumatano alikuwa kwenye kamati ya mazishi, akitafuta gari na hema. Kama kadi ingekuwa imebaki katikati, mmoja wetu angeichukua, na kazi yenyewe ilikuwa ya saa tatu hivi. Lakini hakuna anayegusa kadi iliyo kwenye Imeisha. Tulipita mbele yake siku mbili na vikombe vyetu vya chai.

Jumatano jioni gari lililobeba chanjo liliharibika njiani. Afisa alimpigia katibu, naye akabonyeza pale nilipomwonyesha. Maandishi ya kijani yakatokea. Ujumbe umetumwa. Akaweka simu chini akaendelea kupika.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi alinipigia. Hakupandisha sauti. "Watu wako hapa," alisema. "Na mbuzi wao wote." Nyuma yake nilisikia milio ya mbuzi, mingi mno, na mtu akiuliza kitu kwa Kikamba kwa hasira. Waliotoka karibu walirudi haraka. Waliotoka mbali, walioondoka nyumbani kukiwa giza, hawakuweza kuwarudisha mbuzi katika jua la saa sita, wakakaa mpaka jioni pale bila maji ya kutosha. Mzee mmoja alikuwa amekuja na mbuzi mwenye mimba, na mbuzi huyo akazaa njiani kabla ya wakati. Alifika na mtoto mmoja wa mbuzi ndani ya koti lake. Wa pili alikuwa amemwacha njiani, amekufa.

Katibu aliwaonyesha skrini yake: ujumbe umetumwa. Wakatoa simu zao, moja baada ya nyingine, wakamwonyesha hakuna kitu. Kwa hiyo, machoni pao, mwaitu ama alisahau, ama alidanganya kuficha kwamba alisahau. Wangeamini lipi lingine?

Wiki iliyofuata chama kiliitisha mkutano katika kanisa la mabati wanalokutania. Nilisafiri karibu nusu siku kufika. Mwenyekiti alinipa nafasi ya kwanza. Hakuna aliyenituma kusema nilichosema. Maneno niliyapanga mwenyewe njiani, na niliyaona ya kitaalamu.

"Mfumo ulipata hitilafu," nilisema.

Yule mzee wa koti alisimama. "Sasa huo mfumo ulimwambia mwaitu meseji imeenda?"

"Ndiyo, mzee. Ilikuwa hitilafu."

"Hitilafu ilianza siku gani?"

Nilijua siku. Nilijua mpaka saa, kwa sababu kengele yangu hulia saa tatu na robo. "Bado tunachunguza," nilisema.

Wakatikisa vichwa polepole, kama watu wanaosikiliza udhuru wa rafiki wa mkosaji. Mwenyekiti akasimama, akanishukuru kwa kusafiri mbali kuja kumtetea katibu wetu. Ndivyo alivyosema, kumtetea, na hakuwa na kejeli. Kisha akapendekeza mwaitu apumzishwe, maana amefanya kazi miaka mingi na amechoka. Walimpigia makofi ya shukrani. Akachaguliwa mwanamume mmoja mwenye duka. Mambo yote hayo hayakufika nusu saa.

Nilimkuta nje akipangusa vumbi kwenye mkoba aliokuwa akibebea daftari la wanachama, ambalo sasa lilikuwa kwa mwingine. Nikamweleza. Kadi, imani, amina, yule dada aliyeinua mkono, kengele.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu."

"Na chanjo ilikuwa Alhamisi."

"Ndiyo, mwaitu."

Alifunga zipu ya mkoba mtupu. "Haya ungeyasemea huko ndani, mwanangu. Huku nje mimi nilikuwa najua sikudanganya."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilirudi Kwa Vonza na kumwandikia mwenyekiti barua yenye siku na saa. Alinipigia. "Tumeipata," alisema. "Lakini hiyo mambo tulishamaliza." Niliipokea kama ruhusa ya kunyamaza, na nikanyamaza.

Ofisini tulibadilisha mambo. Developa alirudi kutoka mazishini, akasikia, akalia, akaimaliza kazi siku hiyo hiyo. Hakusema hata mara moja kwamba mimi niliitikia amina. Nilizima kengele. Maombi yalirudi ndani ya mkutano, kwa sababu niligundua kwamba katika maombi ndimo walimosemea shida zao: Bwana, tusaidie na ile sava inayozimika. Nilikuwa nimeifukuzia nje ya mkutano habari yote niliyokuwa nikiitafuta. Swali la kwanza likawa umekwama wapi, na kadi ya ujumbe haikuruhusiwa kuhama mpaka ujumbe ufike kwenye simu ya mtu wa Kyuso na yeye ajibu. Mikutano yetu ikawa ya dakika thelathini, wakati mwingine arobaini. Mistari yangu ikawa mibaya, na mwenye kampuni akaniuliza kulikoni.

Miezi michache baadaye siku nyingine ya chanjo iliahirishwa, na katibu mpya akabonyeza. Wanachama wakijibu, majibu huingia kwenye ukurasa tunaouona sisi tu. Dada wa kujaribu alitusomea asubuhi tukiwa tumesimama. Sawa. Ok. Nani huyu. Asanteni. Kisha akanigeuzia kompyuta. Ilikuwa namba ya mwaitu, aliyekuwa sasa mwanachama wa kawaida mwenye mbuzi zake.

"Nimepata. Na ya ile Alhamisi mtatuma lini?"

Dada yule alichukua kadi mpya ya manjano, akaandika Ujumbe wa Alhamisi na jina langu chini yake, akaibandika kwenye Bado. Siku ya pili nikaihamishia katikati. Siku ya tatu aliniuliza, kama anavyomwuliza kila mtu, "Umekwama wapi?"

"Nimekwama kwa sentensi ya kwanza," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulijibu swali langu mwenyewe.

Walingoja. Hakukuwa na kengele. Nikaenda kwenye kompyuta wakiwa bado wamesimama nyuma yangu, nikaandika: Ile Alhamisi mwaitu alituma ujumbe wa kuahirisha. Haukufika kwa sababu mimi niliruhusu kazi ihesabiwe imeisha kabla haijaisha. Niliambiwa Jumatatu. Nilipokuja kwenu nilificha. Yeye hakudanganya.

Nikawapelekea wanachama wote, na mwenyekiti, na yule mzee wa koti.

Majibu yalianza kuingia kabla ya saa nne. Mengine yalikuwa ya hasira, na yalikuwa sahihi. Mzee wa koti hakujibu. La mwaitu lilikuja mchana, neno moja, Imefika, na dada yule akainuka akaisogeza kadi.