Nilimpika Sungura Wangu Ili Nimkomoe Wifi

Ndugu yangu unayesoma, nisikuzungushe. Mimi ndiye niliyevunja posa ya binti ambaye hakuwahi kunikosea hata kidogo, na niliivunja kwa sufuria ya mchuzi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na hasira tu, na sehemu ya hasira hiyo ninayo mpaka leo.

Binti huyo nitamwita Neema, ingawa si jina lake. Ni mtoto wa wifi yangu, dada wa mume wangu. Tunaishi uwanja mmoja hapa Itigi, nyumba yetu huku, ya wifi kule, na jiko la nje tunalitumia wote. Mume wangu anafanya biashara ya asali, na akiingia porini kufuata mizinga anapotea siku nyingi. Kwa hiyo mimi na wifi ndio tulikuwa tunatazamana asubuhi na jioni, tupende tusipende.

Kabla ya kuolewa nilikuwa nafanya kazi Singida mjini, kwenye nyumba ya familia moja ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Watoto wao walifuga sungura wawili, simbilisi kadhaa, wale wanyama wadogo wa mviringo wasio na mkia, na panya weupe wawili. Ndiyo, panya! Siyo hawa wanaotoboa magunia yetu ya mahindi. Hawa walikuwa weupe pe, macho mekundu, wasafi kuliko baadhi ya watu ninaowafahamu.

Ile familia ilipohama nchi, mimi nilikuwa tayari nimeshaolewa huku. Mama wa nyumba akanipigia simu nikawachukue wale wanyama, maana hakumwamini mtu mwingine. Wao hawali nyama kabisa. Nilipofika alinishika mikono yote miwili akasema, "Wachukue, lakini wasiliwe. Niahidi." Nikaahidi. Nikapanda nao basi kwenye boksi la biskuti lililotobolewa matundu, konda akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia vifaranga. Njia nzima vifaranga wangu walikuwa wanapiga miluzi.

Jamani, nilifurahi na wale wanyama! Simbilisi wakisikia tu nakata majani ya maboga, wote wanapiga miluzi kwa pamoja, mpaka mtu anayepita barabarani anageuka akidhani anaitwa. Panya niliwaita Sukari na Chumvi. Sukari alipenda kulala shingoni kwangu, ndani ya mtandio. Nikiwa nachambua mchele ananyoosha mkono wake wenye vidole kabisa, anaomba punje moja. Akipewa anaishika kwa mikono miwili, anakula taratibu, halafu ananawa uso. Nani aliyekwambia panya hana adabu?

Sungura jike alikuwa mchoyo. Ukigusa bakuli lake anapiga mguu chini kama mama mkwe. Dume tulimwita Stesheni, kwa sababu treni ikipiga honi, hata ikiwa bado mbali, alikuwa anasimama kwa miguu ya nyuma na masikio wima, anasikiliza mpaka ipite.

Nasema tulimwita, kwa sababu Neema alikuwa nao kama mimi. Alikuwa anarudi kutoka kwa fundi cherehani, alikokuwa anajifunza kushona, anaanzia bandani kabla hata ya kumsalimia mama yake. Yeye ndiye aliyekuwa anakata majani pembeni ya reli na kuwachanganyia pumba na mashudu ya alizeti. Tulikuwa tunakaa jioni kwenye mkeka, wanyama wanatembea juu yetu, tunacheka mpaka machozi. Sijapata mtoto. Sitakudanganya, wale wanyama na yule binti ndio walinifanya nione uwanja ule ni nyumbani.

Wifi hakupenda hata kidogo. Mtaa mzima ulikuwa unatucheka, kwamba wenzetu wananunua sumu ya panya, sisi tunanunua mchele wa panya. Hilo nililizoea. Lakini siku moja, bombani, mbele ya wanawake wote wenye ndoo zao, wifi alisema, "Zaa basi, wifi, uachane na kulea panya." Watu wakacheka. Nikabeba ndoo yangu nikaondoka, nikaliweka lile neno moyoni.

Halafu shangazi yangu akafariki, nikaenda Kintinku kumzika. Wanyama nikamwachia Neema. Huku nyuma wifi akapata wageni, wanakwaya wenzake kutoka kijiji kingine, na nyumbani hana mboga ya maana. Unajua alichofanya? Alimtuma Neema mashineni kusaga mahindi, akafungua banda langu.

Neema aliporudi alikuta sungura jike na simbilisi wameshachunwa. Stesheni alikuwa amejibanza nyuma ya kuni. Yule binti akamdaka, akamtumbukiza kwenye ndoo, akaifunika kwa kanga na kuisukuma chini ya kitanda chake, kisha akamwambia mama yake kwamba dume limekimbilia vichakani. Ndivyo alivyosalimika. Alinieleza yote haya akilia, akanionyesha ile ndoo, tukamrudisha Stesheni bandani.

Sukari na Chumvi hawakuliwa. Walipigwa kwa mchi, wakatupwa nyuma ya choo. Niliwakuta huko mwenyewe. Nilichimba shimo kwa jembe la mkono nikiwa bado na nguo za msiba, na wifi alikuwa amekaa kizingitini ananitazama. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila hata kuinuka.

"Nyama ni nyama, wifi. Ulitaka wageni wangu wale majani?"

Mume wangu aliporudi nikamshtakia. Akaniuliza kama nataka agombane na dada yake wa damu kwa ajili ya panya, watu wamcheke mpaka sokoni. Mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyeniomba radhi, hata kwa mzaha.

Basi na mimi nikanyamaza. Ee, nilinyamaza vizuri sana! Nilimsalimia wifi kila asubuhi, nilimsaidia kuanika alizeti, nilicheka aliposema kitu cha kuchekesha. Moyoni nilikuwa natafuta mlango wa kumpatia. Nilifikiria kumtilia upupu kwenye shuka, nikaona huo ni utoto. Nilitaka kitu kitakachomkaa rohoni, akimeze na asiweze kukitapika. Nilikuwa nalala na hilo wazo na kuamka nalo, na nikiri kwamba lilikuwa linanipa raha.

Mlango ukafunguka Neema alipopata mchumba. Kijana fundi wa umeme wa jua, mpole, kwao Nduguti kule Mkalama. Walipendana kwelikweli, mtu yeyote aliyewaona alijua. Ndugu zake wakatuma habari kwamba wanakuja kuleta posa. Wifi alitembea mtaa mzima akijisifu, maana ni watu wenye heshima zao. Na ni Wasabato.

Kama hujui, Msabato wa kweli hali nguruwe, na hali sungura pia. Kwake ni najisi, imeandikwa. Wifi alilijua hilo vizuri, mwenyewe ndiye aliyeniambia, akanipa na jogoo mkubwa ili nimpike, kwa sababu hakuna anayenishinda kwa mchuzi kwenye uwanja ule. Aliposema tu neno sungura, mimi nilishamaliza kupanga.

Ningewapikia Stesheni. Wale, wausifie mchuzi, waondoke wakiwa wamekubali. Kisha nimwite wifi pembeni nimnong'oneze sikioni alichowalisha wakwe zake. Kila atakapokuwa anakaa nao maisha yake yote, akumbuke, na asiwe na wa kumwambia. Niliona ni kisasi safi kabisa, hakimdhuru mtu mwingine. Hivyo ndivyo hasira inavyofundisha watu hesabu.

Asubuhi ya posa Neema alikwenda kusukwa. Nilifungua banda. Stesheni alinifuata mwenyewe, akidhani namletea majani. Sitaandika zaidi ya hapo. Mkono uliofanya kazi ile ni huu huu ninaoandikia, na siku ile haukutetemeka, jambo ambalo linanitisha kuliko yote.

Jogoo nilimficha chini ya tenga nyuma ya jiko, nikiwa na nia ya kumuuza baadaye. Nyama nikaikata vipande vidogo, nikaikaanga, nikaiungia nyanya na karanga. Harufu yake ilijaza uwanja. Wageni wakafika, baba mkubwa wa kijana, mshenga, na mama mmoja mtu mzima, wakapokewa na mume wangu kama mjomba wa binti. Nilipiga magoti nikamwambia yule mzee shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, akanishukuru kwa harufu nzuri. Nilirudi jikoni natabasamu.

Neema ndiye aliyebeba bakuli kupeleka mezani. Alikuwa amependeza, nywele mpya, gauni alilolishona mwenyewe. Alinikonyeza akipita. Nikamwacha apite.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mimi nimezaliwa mkoa wa kuku, huu wetu wa Singida, nimekua nikijua kwamba mzee mgeni akichinjiwa kuku, firigisi ni yake na inakaa juu ya bakuli aione. Usipompa, umemwambia hana thamani. Mtoto mdogo wa kwetu analijua hilo. Na mimi, kwa kisasi kilivyonijaa kichwani, niliisahau firigisi. Sungura atatoa wapi firigisi?

Mzee alikula vipande kadhaa, akasubiri, kisha akauliza kwa upole kama kuku wa Itigi hawana firigisi. Watu wakacheka. Wifi akaja jikoni mbiombio kuichukua. Ndipo jogoo akajitikisa chini ya tenga. Wifi akainua tenga, akamwona mzima na manyoya yake yote. Akanitazama. Sijawahi kumwona mtu akibadilika rangi vile.

"Wifi," aliniambia kwa sauti ya chini, "umewapa nini?"

Hapa ndipo kosa langu lilipo, ndugu yangu. Siyo kwenye sufuria tu. Ningeweza kusema paka kabeba firigisi. Yeye mwenyewe angesaidia kuusema ule uongo, tungeutengeneza pamoja, na Neema angeolewa. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, wageni walikuwa hatua chache tu. Nililijua hilo. Lakini niliuona uso wake unaogopa, nikasikia utamu ambao sijawahi kuusikia, nikapaza sauti.

"Sungura, wifi. Nyama ni nyama."

 Nikasikia kiti kinasogezwa. Mzee alitoka nje, akasukutua kinywa kwa maji ya kunawia, akasukutua tena. Hakufoka. Alivaa kofia yake akamwambia mume wangu, "Msichana hatujamkataa. Tunakataa nyumba ambayo mgeni analishwa asichokijua." Mshenga na yule mama wakamfuata. Wifi aliwakimbilia mpaka njiani, kanga imemwanguka, anaomba. Na mimi nilisimama mlangoni nikimtazama, nikafurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi mpaka nilipogeuka nikamwona Neema amesimama mbele ya banda tupu.

 Aliingiza mkono ndani, akapapasa yale majani makavu, kama mtu anayetafuta sindano.

Kijana alipiga simu kwa muda, akasema anawabembeleza wazee wake. Simu zikapungua. Baadaye tukasikia ameoa huko huko Mkalama. Neema akafunga mashine yake ya kushonea, akahamia Manyoni kwa rafiki yake. Siku ya kuondoka nilimfuata, nikamwomba msamaha, nikamweleza kwamba nilimlenga mama yake, wala siyo yeye. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliyonijibu ninayasikia mpaka nikiwa napiga mswaki.

"Anti, ungeniambia unataka kumkomoa mama, ningekusaidia. Mimi nilimficha Stesheni kwa ajili yako. Wewe ukanipa nimbebe mwenyewe."

Tangu hapo akipiga simu anamsalimia mama yake, anamsalimia mjomba wake, anakata.

Yule mama wa Singida aliyenipa wanyama naye hajaacha kunitumia ujumbe kutoka huko aliko. Anauliza watoto wake wanaendeleaje. Ninamtumia picha za zamani, Sukari shingoni kwangu, simbilisi wamepanga foleni kwenye bakuli. Anajibu kwa maua na mioyo. Mume wangu anakaa porini zaidi ya zamani, na akirudi anakula bila kuuliza chakula ni nini, ila naona anavyokigeuza kwanza kwa kijiko.

Na wifi? Wifi yupo, amepona. Alilia wiki kadhaa, kisha akapata hadithi nzuri ya kunisimulia vibaya mtaa mzima, na safari hii hasemi uongo. Sijamsamehe. Ingekuwa yeye peke yake aliyeumia siku ile, ningepika tena kesho na kuongeza pilipili. Huenda utaniona mbaya, lakini nikisema nimetubu lote nitakuwa nimekudanganya.

Ninayemlilia ni mmoja tu, Neema, na siye niliyemlenga kwa mchuzi ule.

Kwa hiyo wewe uliyekosewa, uliyekaa kimya kama nilivyokaa, unayesubiri siku yako, sikuambii usamehe, sina uso wa kukuambia hivyo. Nakuambia hivi tu. Kabla hujawasha moto, toka nje uangalie nani atakayebeba bakuli. Ukimwona ni mtu unayempenda, iache hiyo sufuria ya kisasi, mpike huyo jogoo, na ukae na hasira yako.