Akii Zilizopikwa Bila Kuonwa

Kila Jumapili, ibada ya kwanza ikiisha, Ionie Facey aliteremka kilima cha mji wa Christiana na kofia yake ya kanisani kichwani, akaingia kwenye mkahawa wa Marva na kuketi karibu na mlango wa jikoni. Hakuwa na haja ya kuagiza. Alikuwa akiletewa akii, matunda ya mtini yanayopikwa kama mboga, zilizokaangwa na samaki wa chumvi, ndizi mbichi za kuchemsha na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikula polepole mpaka sahani ikawa safi, akalipa, akaenda zake.

Mpishi wa pale alikuwa Cislyn, dada yake wa tumbo moja, na kwa miaka kumi na moja hawakuwa wameamkiana.

Watu wa mji walilijua jambo hilo na walikwisha kulichoka. Marva mwenyewe alijaribu kumchokoza mara moja. "Bi Ionie, unakula chakula cha mkono wa mtu usiyemsalimu?"

"Mimi nimekuja kula," Ionie alimjibu. "Salamu natoa kanisani."

Chanzo kilikuwa mama yao. Uzeeni alipofuka macho, Cislyn ndiye aliyebaki naye. Ionie alikuwa Kingston, karani wa posta, na kila mwezi aliandika barua kuhimiza mama apelekwe kwenye nyumba ya wazee kule Mandeville. Cislyn alikataa. Asubuhi moja mama akatoka peke yake, akateleza kwenye ngazi za mawe, akavunjika nyonga. Hakumaliza wiki mbili. Siku ya mazishi, mbele ya umati, Ionie alimgeukia dada yake akamwambia, "Mama hakuwa na macho. Wewe uliyekuwa nayo, yalikuwa yanaangalia wapi?" Cislyn alijitandia kitambaa chake cheusi akaondoka, na tangu pale ikawa basi. Hata Ionie alipostaafu na kurudi kuishi milimani, nyumba zao zikitenganishwa na barabara moja tu, kila mmoja alipita upande wake.

Jumapili hiyo ninayoisimulia mkahawa ulikuwa umejaa. Kwaya ya kanisa moja la Spaldings, watu kama ishirini, ilikuwa njiani kwenda kuimba kwenye sherehe, na Mchungaji Gallimore aliiagizia chakula cha asubuhi tangu juzi yake. Marva alikuwa akikimbia na sahani mikono miwili. Alimwekea Ionie yake kwanza, kama kawaida, kisha akaenda kwa wanakwaya.

Ionie alinyanyua uma, akausimamisha hewani.

Katikati ya zile nyama za njano, laini kama mayai ya kuvuruga, aliona uzi mwekundu. Akasukuma kidogo kwa uma. Ukaja wa pili, na wa tatu. Chini yake kulikuwa na vipande vidogo, vigumu, vilivyopauka, visivyofanana na akii iliyokomaa.

Kule hata mtoto wa miaka mitano anajua. Akii haipasuliwi. Inangojewa mtini mpaka ijipasue yenyewe na kukenua mbegu zake nyeusi, ndipo inachumwa, na ule utando mwekundu unatolewa wote kabla ya kuingia chunguni. Inayochumwa ikiwa imefumba ni sumu, na imekwisha kuzika watu. Na katika mji mzima hapakuwa na mtu mwenye makini na akii kama Cislyn.

Aliinua kichwa. Kila mwanakwaya alikuwa na sahani mbele yake. Kilichowazuia ni kitu kimoja tu: Mchungaji Gallimore alikuwa amesimama, macho amefumba, anaombea chakula. Mchungaji huyo alisifika kwa sala ndefu. Alikuwa bado kwenye kuwashukuru waliolima.

Ionie akasimama, akausukuma mlango wa jikoni, akaingia na kuufunga nyuma yake.

"Wateja hawaingii huku," alisema Cislyn. Alikuwa jikoni peke yake, ameinamia kikaango.

"Ni mimi."

Mgongo wa Cislyn ukakakamaa. Alipogeuka, uso wake ulielekea kule sauti ilikotoka, lakini macho yalipita kando kidogo, yakatua ukutani.

"Akii za leo amesafisha nani?" Ionie aliuliza.

"Mimi. Ulitaka asafishe nani?"

"Zina nyuzi nyekundu."

"Aa. Kumbe umenifuata kunitafutia kosa. Miaka kumi na moja mlango huu hukuuona, leo umeuona."

Ionie alikwenda kwenye ndoo ya taka akachukua maganda kadhaa. Baadhi yalikuwa yamejikunjua yenyewe kama ua. Mengine yalikuwa na kingo zilizonyooka, zimekatwa kwa kisu, na chini bado yana ukijani. Akalishika moja mbele ya uso wa dada yake.

"Nimeshika nini?"

"Usinifanyie mchezo, Ionie."

"Sema, nimeshika nini?"

Pua ya Cislyn ilichezacheza. "Ganda."

"La rangi gani?"

Kutoka nje sauti ya mchungaji ilisikika ikiwaombea wagonjwa na wasafiri wa baharini.

"Tangu lini?" Ionie aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"La kushoto limekufa tangu Krismasi ya mwaka juzi." Cislyn alifuta mikono kwenye aproni, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka. "La kulia naona kama nachungulia tundu la ufunguo. Nafanya kazi kwa vidole. Vidole vyangu havijawahi kunidanganya."

"Leo vimekudanganya."

"Ukimwambia Marva nimekwisha. Unajua hivyo."

"Watu ishirini wako hapo nje na uma mkononi, Cislyn."

"Basi nenda," dada yake alisema kwa ukali. "Unangoja nini? Nenda kawaambie. Wewe kusema mbele za watu ni hodari."

Ionie alirudi ukumbini. "Mchungaji, samahani," alisema. Mchungaji Gallimore, akidhani ni mtu aliyeguswa na roho, akapandisha sauti. Ionie hakungoja. Alianza kukusanya sahani, mbili, nne, akizirundika ovyo juu ya kaunta mpaka samaki wakamwagika.

Mwanamama mmoja wa sauti ya pili akaing'ang'ania yake. "Bibi, hii ni yangu. Toka saa kumi na moja sijatia kitu tumboni."

"Iache. Usionje hata kidogo."

Sala ikakatika. Marva akaja mbio. "Bi Ionie, umepatwa na nini leo?"

Watu wote walimtazama. Ionie alikuwa ametunga neno njiani kutoka jikoni: angesema samaki wameoza, jikoni kuna joto, basi. Alifungua kinywa. Kabla hajatamka, mlango nyuma yake ukafunguliwa.

"Akii ni mbaya," alisema Cislyn. Alikuwa ameshika kizingiti kwa mkono mmoja. "Kuna ambazo hazikujipasua, na utando umebaki. Nimezipika mimi. Sikuziona, kwa sababu sioni." Halafu akauliza, upesi, "Kuna aliyekwisha kula?"

Wanakwaya wakatazamana. Hakuna. Lakini kutoka barazani mtu akasema, "Mimi." Alikuwa Tulloch, dereva wa basi lao, aliyepewa sahani yake mapema akala kwenye ngazi, maana dereva hangoji sala. Alikuwa ameisafisha kwa kipande cha mkate.

Walimpeleka hospitali kwa basi lake mwenyewe, mpiga kinanda akishika usukani. Cislyn aling'ang'ania kwenda, na Ionie akaenda naye. Njiani Tulloch aliwatania, akisema ana tumbo la mbuzi. Ilipofika adhuhuri alianza kutapika, kisha jasho likamtoka, akalegea mikono na miguu, akawa anaitwa haitiki. Wauguzi wakamtundikia maji ya sukari.

Dada wawili wakakaa kwenye benchi ukumbini. Baada ya saa nzima Cislyn akauliza, "Anapumua?"

Ionie akainuka, akachungulia kwenye dirisha la wodi. "Anapumua."

Baada ya muda akauliza tena, na Ionie akainuka tena. Alifanya hivyo mchana kutwa, maana dirisha lilikuwa hatua tano tu, lakini kwa Cislyn lilikuwa mbali.

Kuelekea magharibi Tulloch alifumbua macho akaomba chakula. "Chochote," alimwambia muuguzi, "ila msiniulize kama ninataka akii." Cislyn aliposikia alifunika uso kwa aproni, ambayo kumbe alisahau kuivua, akalia kimya kimya.

Marva hakumfukuza. Alikiri kwamba akii zile alizinunua yeye kwa muuzaji wa njiani aliyekuwa amezipasua kwa kisu zionekane zimekomaa, na hata mfuko hakuufungua, kwa kuwa alijua Cislyn atazichambua. Sasa Cislyn hupika, na kuchambua ni kazi ya Ionie, na hugombana kuhusu pilipili.

Wiki iliyofuata walikwenda Mandeville kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho, ile ile iliyompofusha mama. La kushoto halirudi. La kulia litashikiliwa kwa dawa ya matone. Walipokuwa kwenye teksi wakirudi, Ionie alisema, "Maneno niliyokwambia siku ya mazishi."

"Niliyasikia."

"Sikupaswa kuyasema."

"Usiku ule mama alikuwa hajalala, na mimi pia," Cislyn alisema. "Asubuhi nikapitiwa na usingizi. Ndiko macho yalikokuwa. Hukuniuliza."

Matone ni mara mbili kwa siku, na Cislyn hawezi kuyalenga mwenyewe. Kwa hiyo asubuhi na jioni Ionie huvuka barabara, na dada yake humngoja barazani, kichwa amekilaza nyuma.