Mtoto Aliyefuata Jina

Nilipokuwa mtoto, kwenye nyumba za wachuma kahawa nje ya Thika, majirani walikuja kwetu kumwona mtoto asiyelia. Alikuwa mdogo wangu Wangari, aliyepewa jina la shosho, mama yake mama. Kwetu mtoto wa jina ni kama mwenye jina amezaliwa tena, na shosho alikuwa mtu wa polepole. Basi jina likaeleza kila kitu.

Akilala mchana kutwa, ni shosho. Akinyonya kidogo akachoka, shosho huyo. Ulimi ulichungulia nje, ngozi ilikuwa baridi, choo alipata kwa taabu. Shosho alimpakata akicheka: "Huyu ni mimi mtupu. Muacheni."

Siku moja mama alisema angempeleka hospitali. Shangazi akaruka: "Ai, wee! Sasa unapeleka mama yako kwa daktari, ati ana kasoro?" Mama akaiacha safari hiyo. Mimi nilifurahi tu, maana kumlea mtoto wa hivyo hakukuwa na kazi.

Wangari alitembea akiwa na miaka minne. Ndipo mama alipompeleka hospitali, na daktari akatuambia kwamba tezi ya shingoni haikufanya kazi tangu azaliwe, na kwamba lau angeanza vidonge wiki zile za kwanza, angekua kama sisi. Alianza. Kimo kiliongezeka. Akili haikurudi.

Mwaka huu nimejifungua, hapa Kimbo, Ruiru, ninakoishi na Wangari. Binti yangu ana jina la mama mkwe. Wiki ya pili akawa halii. Mama mkwe akachangamka: "Mpole! Amenifuata mimi!" Jamani, nilichoka. Nilichoka uchovu wa miaka yote ile. Sikubishana. Nilimfunika shali nikampeleka akapimwe damu, na mama mkwe akaninunia mwezi mzima. Majibu yalikuwa yaleyale ya Wangari.

Sasa kila asubuhi nasaga kidonge, nakikoroga na maziwa yangu kwenye kijiko. Hatukumnyima Wangari mapenzi. Tulimpenda sana, tukamwacha alale, na hilo ndilo linaloniuma.

Jana mtoto alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Wangari akaziba masikio.

"Mbona analia?"

"Kwa sababu dawa inafanya kazi."

Akaondoa mikono masikioni polepole, kama kawaida yake.

"Na mimi, nilikuwa nalia?"

"Hapana, Wangari," nikamwambia. "Na hatukuuliza kwa nini."