Ya Soda Hutolewa Ukishavaa Viatu

Watu wa Ruiru hawajui kutoa ya soda, yaani bakshishi, kwenye spa, na mimi nimechoka kuwafundisha. Mtu huyohuyo akila hotelini anajua cha kumwachia mhudumu. Anayemuoshea gari anamkumbuka, kinyozi wake anamkumbuka. Lakini akishakandwa mgongo mpaka akakoroma, anatoka ndani akiwa hajui ashike wapi, ananiinamia mezani na kuninong'oneza, "Siz, huyu msichana huwa anapewa ngapi?" Utadhani ananiuliza bei ya bangi.

Na huyo ni afadhali, angalau ameuliza. Kuna mama wa Membley aliyetuachia maparachichi kwenye mfuko wa karatasi, na yalikuwa bado magumu kama mawe. Kuna kijana wa Juja aliyewaombea wasichana baraka kwa sauti ya mhubiri, kisha akashuka ngazi. Kuna wale wanaoongeza kitu kwenye malipo ya simu wakidhani wamefanya la maana, kumbe pesa inaingia kwa akaunti ya mwenye biashara na aliyetoa jasho haoni hata senti. Mimi ndiye Shiko, nakaa mapokezi, na haya yote hupita mbele yangu.

Ila habari ninayotaka kusimulia si yangu, ni ya Nafuna, mmoja wa wasichana wetu wa kukanda.

Nafuna ni Mbukusu wa Chwele, kule Bungoma. Alipofika Thika alianza kwa kukata maua kwenye shamba moja nje ya mji, akawa anasoma masaji jioni jioni kwenye kachuo fulani karibu na stendi. Ana mikono mikubwa ambayo yeye huionea haya na wateja huitafuta kwa jina. Anaishi Kiandutu, hukohuko Thika, chumba kimoja cha mabati. Mwaka huu mwezi wa kwanza alimleta binti yake, Nekesa, aliyekuwa amelelewa na nyanya tangu alipoacha kunyonya. Mtoto alifika akamwita mama yake "auntie". Ilichukua miezi. Siku Nekesa alipomwita "mama" bila kuambiwa, Nafuna alikuja kazini akaniambia kabla hata ya kunisalimia, na machozi yakamtoka mbele ya wateja.

Kwa hivyo jueni hivi: Nafuna akipoteza kazi, mtoto anarudi kwa nyanya kwa basi la Bungoma. Chumba hakilipiki kwa maneno matamu. Hilo alikuwa analiwaza asubuhi, mchana na jioni, na lilimfanya awe mtu wa kushtuka. Ukimwita jina tu anapangusa mikono na kuuliza, "Nimefanya nini?"

Na alikuwa na sababu. Mwenye spa ni Madam Wakonyo, mama mmoja mkali lakini si mbaya. Barabara hiyohiyo, chini kidogo, palikuwa na nyumba yenye bango la masaji na mapazia mazito, na sote tulijua kilichouzwa pale. Serikali ilipoifunga, aibu yake ilibaki ikatutafuta sisi. Wanaume walikuwa wakipanda ngazi zetu wakiuliza maswali ya kipuzi. Ndipo Madam akaweka sheria yake: ya soda hutolewa hapa mbele, mteja akishavaa viatu, watu wakiona. "Mtu akikupa pesa ndani, mlango umefungwa, na bado hujamgusa," alikuwa akituambia, "hiyo si asante. Hiyo ni oda."

Nafuna alikuwa tayari ameteleza mara moja, na bila kosa lake. Bwana mmoja muuza matairi, Gachau, aliingiza noti chini ya mto kabla ya kulala kitandani. Nafuna hakuiona. Madam ndiye aliyeiona akikagua mashuka. Alimwita ofisini na kumwambia kwa upole, na upole wa Madam unaogopesha kuliko kelele: "Ingine kama hii, unaniachia yunifomu."

Tangu siku hiyo Nafuna akawa anaingia chumbani kama mtu anayeingia kwa hakimu. Anapekua mto, anapekua taulo, anaacha mlango wazi kidogo. Chakula cha mchana alikuwa anakirudisha nyumbani kama kilivyo.

Basi Jumamosi moja akaja Syokau, dada mmoja nadhifu anayefanya kazi Juja, ameandamana na baba yake. Mzee Maluki alikuwa amefanya kazi ya mashine kwenye viwanda vya Thika mpaka akastaafu, na bega lake la kulia lilikuwa limeganda. Hakuweza kuinua mkono hata kuvaa kofia. Syokau alikuwa amelipa kila kitu kwa simu.

"Msimuumize," akaniambia. "Na ana aibu sana. Hajawahi kuvua shati mbele ya msichana."

"Usijali, mum," nikamwambia. "Nafuna ana mkono wa taratibu."

Mzee alinisalimia kwa mkono wa kushoto akiniomba radhi kwa huo mkono. Kisha Nafuna akampeleka ndani. Mbele hapa walikuwa wamebaki Syokau, na wamama wawili wenye miguu ndani ya beseni. Madam alikuwa ofisini kwake, mlango wazi, anasikia kila kitu.

Yaliyotokea chumbani aliniambia Nafuna mwenyewe baadaye. Alimpa mzee taulo, akageuka ukutani ili avue shati kwa nafasi yake. Alipogeuka tena, mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na fulana yake, viatu vimepangwa chini, na mkono wa kushoto umenyooshwa. Ndani ya kiganja kulikuwa na noti iliyokunjwa kunjwa.

"Shika kwanza, mwanangu," mzee akasema.

"Hapana, baba. Hiyo ni baadaye. Huko nje."

"La, la. Baadaye haifai. Shika ndiyo tuanze."

Nafuna anasema masikio yake yaliziba. Alimwona Gachau, akauona mto, akamwona Nekesa na begi lake mgongoni. Mzee akamshika kiganja, akamwekea noti, akamfunga vidole kimoja kimoja, na akatabasamu. Kama ningekuwa mimi ningeuliza. Lakini mtu aliyeogopa kwa miezi haulizi, anakimbia.

Akatoka. Alikuja hadi kwenye meza yangu amenyoosha mkono mbele kana kwamba amebeba kaa la moto, akaiweka noti kwenye kaunta.

"Madam!" akaita, na Madam hakuwa mbali hivyo. "Mteja amenipa hii kabla. Huko ndani. Mimi sijachukua."

Wale wamama wa beseni waliacha kupiga soga. Mmoja akasema "Ngai!" na mwingine akamkanyaga majini anyamaze.

Syokau aliweka simu yake chini polepole. "Mteja gani?" akauliza. Na alijua, kwa sababu chumba cha pili kilikuwa tupu na mlango wake wazi.

Madam akatokea. "Umefanya vizuri, Nafuna. Hivyo ndivyo inatakikana." Kisha akamgeukia Syokau na kupunguza sauti kwa namna ya kufanya kila mtu asikie zaidi. "Samahani, mum. Lakini hapa ni mahali pa heshima. Huyu mzee atafutiwe pengine."

"Unasema nini juu ya baba yangu?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa chumba ukafunguka na Mzee Maluki akatoka. Shati lilikuwa limening'inia bega moja kwa sababu mkono mgonjwa haukuweza kuingia kwenye mkono wa shati peke yake. Viatu alikuwa amevibeba. Alitutazama mmoja mmoja, akaiona noti yake imelala kwenye kaunta, mbele ya watu.

"Ni kidogo?" akauliza.

Akamgeukia Nafuna.

"Mwanangu, kama ni kidogo si ungeniambia tu."

Akaweka viatu chini na kuanza kutafuta mfukoni. Pesa ilikuwa mfuko wa kulia, upande wa bega bovu, ikabidi apitishe mkono wa kushoto mbele ya tumbo na kuingiza vidole kwa shida, huku shati likiteleza. Akatoa noti nyingine ndogo na sarafu za nauli, akazipanga kando ya ile ya kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wale wamama waliangalia miguu yao kama vile hawajawahi kuiona.

"Baba, weka pesa yako," Syokau akasema. Halafu akatugeukia sisi. "Mama yake baba alikuwa anakanda watu kule Mwala, Ukambani. Waliovunjika, waliojifungua, wote walikuwa wanakuja kwake. Na hakuna mtu alikuwa anaguswa kabla hajaweka kitu. Hiyo ndiyo heshima walimfundisha nyumbani. Ukingoja mtu amalize kukukanda ndiyo umpe, ni kama ulikuwa unampima kama anatosha. Sasa nyinyi mmemfanya baba yangu nini?"

"Kwani nimekosea wapi?" mzee akamuuliza binti yake. Syokau akamvutia shati begani. Nani angemwambia baba yake jambo kama hilo?

Madam aliitazama ile noti kwenye kaunta. Niliona ameelewa. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya wateja, na Madam si mtu wa kurudi nyuma watu wakitazama. "Pole, mzee," akasema. "Lakini sheria ni sheria. Nikimwachilia mmoja, kesho watakuja wote na hadithi."

Hapo ndipo Nafuna aliposogea. Alizikusanya sarafu na ile noti ndogo, akamrudishia mzee kwa mikono miwili na kumfunga vidole kama yeye alivyofungwa. Kisha akaichukua ile noti ya kwanza kwenye kaunta.

"Si kidogo, baba," akasema. "Imetosha kabisa. Ni mimi tu nilikuwa na wasiwasi wangu." Akaitia kwenye mfuko wa yunifomu.

"Nafuna," Madam akasema. "Ukiingia huko na hiyo pesa, jioni uniachie hiyo yunifomu."

Mkono wa Nafuna ulibaki pale juu ya mfuko. Nilijua anamwaza nani. Nisiwadanganye, moyoni nilikuwa namwambia airudishe: mzee ataenda, aibu itapoa, lakini mtoto akipanda basi amepanda. Nafuna akainama, akaokota viatu vya mzee, akamshika kiwiko cha mkono mzima na kumwongoza chumbani.

Ile saa moja sijui ilipita vipi. Simu ililia nikaiacha. Madam alirudi ofisini akawa anahamisha vitu mezani bila sababu. Syokau hakukaa tena, alisimama dirishani ametupa mgongo. Kutoka chumbani tulimsikia mzee akiguna, tena akiguna, kisha sauti yake akimsimulia Nafuna kitu kirefu cha Ukambani, na Nafuna akicheka kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mzee alipotoka alikuwa amevaa shati lake, mikono yote miwili ndani. Hakuwa mzima, bega la miaka haliponi kwa siku moja, lakini aliinua mkono hadi kwenye sikio ili binti yake aone. Syokau alimshika Nafuna mkono, akakaa ameushika, hakuaga mtu mwingine, wakaondoka.

Jioni tulipofagia, Nafuna alivua yunifomu, akaikunja vizuri na kuiweka kwenye kaunta. Madam alitoka akakaa kwenye kiti cha kuoshea miguu, kitu ambacho hafanyi kamwe. Mimi nikajifanya napanga chupa za mafuta.

"Nafuna, nikuulize," akasema. "Kama leo singekuwa hapa, ungetoka na ile pesa hapa mbele?"

Nafuna alifikiria. "Hapana, Madam. Ningemuuliza mzee mbona anatoa mapema. Angeniambia. Tungecheka tu."

"Kwa hivyo ni mimi nimemuaibisha."

"Mdomo ulikuwa wangu, Madam."

Madam akainuka, akaisukuma ile yunifomu kwenye kaunta mpaka ikamfikia Nafuna tumboni. "Jumatatu usichelewe," akasema, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Nilimvuta Nafuna mpaka kwenye ngazi nikamkumbatia. Nilikuwa nacheka kama mwendawazimu. "Umeona? Nekesa haendi popote! Haendi popote!"

Lakini Nafuna aliketi palepale kwenye ngazi, yunifomu usoni, analia kwa kwikwi. Nikadhani ni furaha, kisha nikadhani ni ile hofu yote inamtoka kwa mara moja, nikamwambia basi, yameisha, mtoto wako anakungoja nyumbani.

"Si hiyo, Shiko," akasema. "Mtu mzima, na fulana, mbele ya mtoto wake. Akaniuliza kama ni kidogo."