Mlango Usiomjua Mama

Zunilda Benítez hakuwa mtu wa kubabaika. Tangu akabidhiwe seva ya ushirika wa maziwa wa Caaguazú, mashine inayotunza hesabu za vituo vyote, alishika neno moja: kabla hujaigusa, iulize inaumwa nini.

Asubuhi moja kituo cha Potrero kilishindwa kuingia kwenye seva. Madumu ya maziwa yalikuwa juani, na lori halipakii bila stakabadhi ya seva. Joto la Januari halina subira. Maziwa yangechacha kabla ya adhuhuri. Mpokeaji wa kituo kile alikuwa Obdulia, mama yake mzazi, na meneja, Bwana Cañete, alikuwa akimtafutia sababu ya kumfukuza siku nyingi.

"Zima, uwashe!" Cañete alifoka. "Au fungua milango yote ya seva, aingie anayetaka!"

"Aingie na mwizi? Kunywa tereré yako, chai ya barafu, bosi, upoe." Zunilda akapiga simu. "Mama, skrini inasemaje? Imekaa kimya, au kuna maneno?"

"Inasema hainitambui. Mimi! Nimekuzaa wewe, leo mashine yako inaniita mgeni!"

Zunilda akacheka. Maiti hakatai wageni: seva ilikuwa hai na njia ilikuwa nzima. Ila anayebisha hodi alikuja na namba ambayo mlango haukuizoea.

"Jana kulinguruma radi huko?"

"Mpaka mbwa akaingia uvunguni."

"Ukachomoa kila kitu."

"Ulitaka niache? Na vioo nikavifunika shuka. Si nilikufundisha mwenyewe?"

Basi ndiyo hiyo. Kisanduku cha intaneti kilipochomekwa tena kilipewa namba mpya ya mtandao. Zunilda akairuhusu hiyo, akaifuta ya zamani. "Jaribu sasa."

"Imenikaribisha! Haya, pakieni, msinikodolee macho!"

Cañete akakunja mikono. "Kwa hiyo mama yako ndiye aliyetuponza, na ushamba wake."

"Aliyeponza ni mimi," Zunilda akasema. "Mlango huu wa seva niliuweka majuzi, nikauambia umjue mtu kwa namba ya nyumba. Leo nauambia umjue kwa ufunguo wake. Mama achomoe apendavyo."

Alasiri alikuwa akiumalizia ufunguo huo wakati radi ilipopasua anga juu ya ofisi. Cañete alipiga magoti chini ya meza, akachomoa waya wa kompyuta yake, kisha wa feni.

"Zunilda," akanong'ona kutoka hukohuko chini, "kioo cha chooni umekifunika?"