Fundi Aliyeulizia Mwisho wa Riwaya

Nilikabidhiwa ufunguo wa maktaba kwa sababu mwalimu aliyekuwa nao alihamishwa, na mimi nilikuwa na vipindi vichache kuliko wenzangu. Nafundisha Jiografia. Shule yetu ni ya wasichana, ya kutwa, huku Eastlands, na wanafunzi wengi hutoka Kariobangi, Mbotela na mitaa ya karibu. Maktaba yenyewe ilikuwa imegeuzwa stoo. Nilipoifungua mara ya kwanza nilikuta madawati mabovu yamerundikwa mpaka dirishani, na nyuma yake rafu za vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa kwa muda mrefu.

Nilifanya yote niliyoweza kufikiria. Niliyatoa madawati, nikapangusa vumbi, nikaanzisha saa ya kusoma kila Ijumaa mchana. Nikatangaza gwarideni kwamba msichana atakayeazima vitabu vingi zaidi katika muhula atapewa kalamu nzuri mbele ya wenzake. Vitabu vikaanza kutoka. Kadi zikajaa tarehe. Mwalimu mkuu akafurahi, akanipongeza kwenye mkutano wa walimu.

Mimi sikuwa na furaha hiyo. Kila nilipomuuliza msichana kitabu alichorudisha kilihusu nini, alinijibu kwa maneno yale yale yaliyochapishwa nyuma ya jalada. Walikuwa wanavibeba vitabu hadi nyumbani na kuvirudisha. Nilitaka kujua kama kulikuwa na hata mmoja aliyekuwa akisoma, na sikujua nitajuaje.

Ndipo nilipoiona kadi moja ya ajabu. Ilikuwa ya riwaya nyembamba ya Kiswahili, jalada lake limepauka, na msichana yule yule alikuwa ameiazima mara nne mfululizo. Alikuwa kidato cha pili, mkimya, mwenye mazoea ya kukaa karibu na mlango. Kama alikuwa anaitaka kalamu angechukua vitabu tofauti. Nilipomuuliza, alisema tu kwamba hawajamaliza.

Nilishangaa kwa nini alisema "hatujamaliza" badala ya "sijamaliza". Alipokuwa darasani nilikipekua kitabu, nikidhani labda kuna barua zinapitishwa humo. Sikupata barua. Nilipata alama nyeusi za vidole pembeni mwa kurasa, vidole vinene kuliko vyake, na harufu ya chuma kilichoungua. Kwa kawaida ningemkemea kwa uchafu ule. Safari hii nilitamani zaidi kujua ulitoka wapi. Nikamwachia akiazime kwa mara ya tano.

Wiki iliyofuata soja wa langoni alikuja kuniambia kuna mzazi ananiulizia. Nilimkuta nje ya ofisi, mwanamume mpana wa mabega, amevaa ovaroli ya buluu, mikono ameinawa vizuri lakini weusi umegoma kutoka kwenye kucha. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa ameshamhoji akidhani amekuja kwa jambo la nidhamu. Akanisalimu kwa adabu, akasema yeye ndiye baba wa yule msichana wa kidato cha pili, na kwamba hakuna tatizo lolote. Alikuwa na swali tu la maktaba.

Nikamkaribisha ndani. Akaketi kwenye kiti cha wanafunzi, akanieleza pole pole. Ana karakana Kariobangi, anatengeneza milango na madirisha ya chuma pamoja na mafundi wenzake wawili. Siku za Jumamosi binti yake huwapelekea chakula. Stima ikipotea, na hupotea mara nyingi, mashine ya kuchomelea haifanyi kazi, kwa hiyo wao hukaa tu kungoja. Jumamosi moja binti alikuwa amekaa pembeni anasoma, fundi mmoja akamuuliza anasoma nini, naye akaanza kuwasomea kwa sauti. Tangu siku hiyo ikawa desturi. Yeye mwenyewe, alisema, cheche zimemharibia macho, maandishi madogo hayaoni. Wakishasahau walipofika, humwomba binti arudie. Walipofika mwisho waliona kama wameruka mahali, wakaanza upya. Mara ya pili wakafika pale pale.

Akakitoa kitabu ndani ya ovaroli, kimefungwa kwenye gazeti, akanionyesha.

Hadithi ilikuwa ya mwanamke ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi mbali, akakaa miaka mingi bila barua. Mwanamke akalea watoto, akajenga nyumba. Kisha jioni moja mume akaja na kupiga hodi. Mstari wa chini kabisa ulisema: "Alisimama, akaelekea mlangoni, na". Hapo ndipo ukurasa ulipoishia. Baada yake palikuwa na jalada na gundi iliyokauka. Kurasa za mwisho zilikuwa zimebanduka zamani, hakuna ajuaye lini.

"Wenzangu ndio wamenituma," akasema. "Tumebishana wiki tatu sasa. Je, alifungua au hakufungua?"

Sikujua. Kitabu kilikuwa kwenye rafu yangu, chini ya ufunguo wangu, na sikuwahi kukifunua isipokuwa kutafuta barua. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia hivyo. Nilimwambia nitaangalia nakala nyingine, ingawa nilijua hatuna.

Ijumaa ile niliandika ule mstari uliokatika ubaoni, nikamwomba msichana mkimya awaeleze wenzake hadithi mpaka hapo. Alisimama, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza zaidi ya sentensi mbili. Alieleza kwa dakika kama ishirini, na hakuna aliyechezea kalamu. Nikawaambia kila mmoja aandike kilichotokea baada ya neno "na". Kengele ilipolia hawakuinuka. Walikuwa wanauliza maswali: huyo mume alikuwa amewahi kutuma chochote, aliondoka kwa ugomvi au kwa wema, watoto walikuwa na umri gani. Wakawa wananyang'anyana kitabu ili wajitafutie majibu. Nilisimama pale na chaki mkononi nikiwatazama. Miezi yote niliyohangaika na zawadi sikuwa nimeona jambo kama lile.

Nikamtumia yule mzazi ujumbe kupitia kwa binti yake, nikamwalika Ijumaa iliyofuata. Alikuja na wenzake wote wawili. Walikuwa wamevaa mashati yaliyopigwa pasi, wakaketi mstari wa nyuma, magoti yao hayatoshei chini ya madawati.

Wasichana wanne walisoma miisho yao. Katika mmoja, mwanamke alifungua na wote wawili wakalia kwa furaha. Katika mwingine alimfukuza kwa mwiko, darasa likacheka. Mafundi walisikiliza kwa makini mpaka msichana wa nne akakaa. Kisha yule mkubwa wao kwa umri, mwenye mvi, akaomba kusema.

Alisema wasichana wameandika vizuri, ila wote wamemfanya mwanamke afungue mlango haraka mno. Mlango ule, alikumbusha, una komeo la chuma alilolitia mwanamke mwenyewe baada ya kuibiwa, na lina kutu, halivutiki ila kwa mikono miwili. Na mkononi alikuwa na taa. "Kwa hiyo lazima aiweke taa chini kwanza," akasema. "Hapo atapata nafasi ya kufikiri. Mimi nataka kujua alifikiri nini alipoinama."

Wasichana wa mbele wakaanza kufunua kurasa kutafuta hilo komeo. Yule msichana mkimya aliwatajia ukurasa bila kuangalia. Lilikuwepo, na kutu yake, vile vile fundi alivyosema.

Baba yake akanigeukia. "Na wewe mwalimu, maana wewe ndiye mwenye vitabu. Wewe unaonaje?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Ningeweza kusema chochote, tayari nilikuwa nimesikia hadithi nzima kutoka kwa wengine. Lakini wanaume wale walikuwa wameacha kazi ili waje kuuliza kwa moyo safi.

"Sijakisoma," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Msichana mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Hata sisi, madam." Baba wa msichana mkimya hakuonyesha kushangaa. Alisema basi nikichukue mimi wiki hiyo, wao wanakijua tayari. Binti yake ndiye aliyeniandika kwenye kadi, kwa mwandiko wake, chini ya jina lake lililojirudia mara tano. Zawadi ya kalamu niliifuta siku hiyo hiyo.

Nilikisoma Jumapili, nyumbani kwangu Mbotela, nimekaa kwenye ngazi nje ya mlango, majirani wakianika nguo. Kilichonishika mimi si komeo. Ni mahali ambapo mwanamke anazitambua hatua za kila anayepita njiani, amezizoea kwa kungoja, mpaka siku moja anagundua kwamba hasikilizi tena. Nilipofika kwenye ile "na", nilikaa na kitabu mapajani nikaelewa kilichowasumbua wale wanaume.

Nikaanza kutafuta nakala nyingine. Niliuliza shule mbili, sikupata. Niliwauliza wauza vitabu kuukuu kila nilipowaona. Ilikuwa likizo nilipompata mmoja karibu na mahakama za Makadara, ametandaza vitabu kwenye gunia, na miongoni mwake kilikuwamo, jalada tofauti, mgongo mzima. Vidole vyangu vilishika ukurasa wa mwisho pale pale barabarani. Sikuufunua. Niliona si haki nijue kabla ya wao.

Jumamosi nikaenda Kariobangi. Siku hiyo stima ilikuwepo, lakini walizima mashine. Mteja aliyekuja kuchukua dirisha aliombwa avumilie kidogo, akapewa kibao akaketi. Majirani waliendelea kugonga mabati, kwa hiyo msichana ilimbidi apaze sauti akisoma kurasa zile za mwisho.

Mwanamke aliiweka taa chini. Hakushika komeo. Aliuliza, mlango ukiwa umefungwa, mtoto aliyezaliwa baada ya mume kuondoka anaitwa nani. Mume akajibu kwamba hajui, lakini hata kama aliitwa jina la adui yake, amekuja kulijifunza. Mwanamke akalivuta komeo kwa mikono miwili, akatoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake. Kitabu kinaishia ndani, kwa huyo mtoto, anayesikia sauti mbili nje bila kuyashika maneno.

Msichana akafunga kitabu.

"Kwa hiyo alifungua," baba yake akasema.

"Alifunga," fundi kijana akamjibu. "Jamaa amebaki nje."

Wakaanza upya, na mteja wa dirisha akaingia kwenye ubishi kana kwamba alikuwapo tangu mwanzo, akitaka aelezwe huyo mume alikuwa amefanya nini.

Mzee mwenye mvi hakubishana. Nilipoaga alinisindikiza hadi barabarani. Njiani aliniuliza kama mwandishi yuko hai na kama anapatikana. Nilimwambia sijui, nikamuuliza angependa kumwambia nini.

Alisema angemuuliza yeye alikuwa nani katika ile nyumba, yule mume aliyekuwa nje au yule mtoto wa ndani, kwa sababu mambo mengine mtu hawezi kuyabuni. Tukasimama kando ya barabara, nikakitoa kitabu mkobani, nikalifunua jalada la nyuma, tukatazama pamoja. Palikuwa na mistari miwili tu, mahali alipozaliwa na kazi aliyofanya.

"Hajasema," nikamwambia.

"Basi tafuta kingine alichoandika," akasema. "Huenda humo alijisahau akasema."